Ukungu wa Tangi Namba Nne

Baba, nimekuletea kitu ndani ya kitambaa.
Usikiguse kwanza.

Unalikumbuka povu?
Mwezi wa kumi, malori ya viazi yamepanga foleni
hadi kwa akina Trientje,
kiwanda kinakohoa usiku kucha,
na mfereji wa Pekela unaumuka kama unga uliotiwa hamira.
Povu lilipanda kingo, likavuka daraja,
likaingia majumbani kwa mlango wa nyuma
bila hodi, kama mdai aliyechoka kungoja.
Samaki walielea matumbo juu.
Vijiko vya fedha vya Bibi Eltje vilipiga weusi
ndani ya kabati lililofungwa kwa ufunguo.
Shuleni mjini watoto walibana pua tukipita.
Wewe ukacheka:
hiyo ni harufu ya mshahara.

Maji yakimwagika hayazoleki.
Ndivyo tulivyoamini, na ndivyo tulivyomwaga.

Sasa tunayazoa.
Kiazi kikishasagwa, wanga ukishachujwa,
yanabaki yale maji
ya rangi ya chai iliyosahauliwa dirishani,
mazito kwa vitu ambavyo hakuna aliyevitaka.
Tunayachemsha, tunayapoza,
tunayapeleka tangi namba nne,
refu kupita mnara wa kanisa letu,
na humo ndani tumefuga ukungu.

Si ule unaolala mashambani alfajiri
ukawameza ng'ombe mpaka shingoni.
Ni ule mwingine, somo yake,
uliokuwa ukimfanya mama atupe mkate
huku akiiomba ngano radhi.
Hauna mdomo, lakini unakula.
Hauna mizizi, lakini unatambaa uzi kwa uzi,
unasokotana, unanenepa,
na ujira wake ni hewa tu,
hewa inayobubujika kutoka chini usiku na mchana.
Siku ya pili tunaukamua kama fulana ya sufu.
Geert wa maabara anasema nusu yake ni protini.
Mimi nasema ni povu lililopata kazi.

Juzi, saa tisa usiku,
sindano ya kipimo cha asidi ikayumba.
Nikafungua kibomba cha sampuli, nikanusa
jinsi ulivyonifundisha kunusa maziwa.
Ukungu mzima hunukia udongo uliolowa.
Huu ulinuka utoto wangu.
Bakteria walikuwa wamejipenyeza, wamekwisha tawala.
Tani themanini zikaenda hivyo hivyo,
na Geert akatukana kwa lahaja ya babu yake.
Nami, nikijua fika kuwa ni hasara,
nikasimama pale, kibomba wazi,
nikavuta pumzi mara nne, mara tano,
zaidi ya kazi ilivyohitaji.
Sikumwambia mtu.

Haya, fungua kitambaa.
Nimekikaanga na vitunguu, siagi sikuibania.

Unatafuna upande wa meno yaliyobaki.
Unasema chumvi haikutosha.
Unasema ni kama kuku aliyelelewa na uyoga.
Unamega tena.

Kisha unainuka, unafungua dirisha la jikoni,
unatoa kichwa nje kwenye baridi.
Viazi vimekwisha mwaka huu?
Bado, Baba. Tuko katikati ya msimu.
Unanusa tena.
Mfereji umetulia, mweusi, safi,
bata wawili wanaupasua bila haraka.

Sasa, unaniuliza, na dirisha hulifungi,
nitajuaje kwamba ni Oktoba?