Sinia Moja

Kanda imefika imeviringishwa gazeti,
ukungu mweupe pembeni, ule wa hewa ya chumvi:
arusi ya Mabokweni, mwaka tisini na moja,
saa tatu kasoro robo, nami nina sahani moja tu.
"Isizidi moja," kasema Mwanamkasi. "Ya pili
lazima mtu ainuke kuibadilisha, na mama magoti hayamtii."

Sauti na picha ni ndugu wanaokula sinia moja.
Ukimmegea huyu, yule analamba vidole.
Picha hupanda na kushuka,
hujibana tumbo penye ukuta mtupu,
ila sauti huichagulia namba moja,
ndiyo hiyo hiyo tangu hodi mpaka kwaheri.

Nikaanza kibahili: mia moja ishirini na nane.
Matuazi yakawa mchanga unaochekechwa.
Kigelegele cha bibi, kile cha mwanzo, kirefu,
kikatoka kama birika linalochemkia chumba cha pili.
"Siyo," nikasema peke yangu, Barabara ya Kumi na Mbili,
feni ikizunguka, umeme ukitishia.

Nikahamia upande wa pili, kwa ukarimu wa mlevi:
sauti ghafi, isiyobanwa,
kilobiti elfu moja mia tano na ushei kila sekunde.
Bibi akavuta pumzi. Nikamsikia akimeza mate.
Na karibu nusu ya sahani ikawa imeliwa,
picha ikapasuka vijimraba,
na mgongoni pake maandishi ya kanga
yakageuka kokoto.

Nikapiga simu. Akapokea mama mwenyewe,
yule bibi arusi.
"Kanga ninayo sandukuni.
Imeandikwa *Mlango sikuufunga, ni upepo*.
Nikitaka naisoma. Sauti ndiyo sina."
Akanyamaza kidogo.
"Na hotuba ya shemeji Kilua kata yote.
Dakika ishirini, na ng'ombe aliowataja hakuwaleta."

Nikaweka mkasi. Lakini fundi husikiliza kwanza.
Kilua anahesabu ng'ombe,
na nyuma, mbali na kipaza sauti,
mtu anachekea puani, anajizuia, anashindwa.
Bibi.
Kwenye mia moja ishirini na nane hakuwapo kabisa;
nilidhani ni mkwaruzo wa mkanda.

Sikukata.
Nikashika mia tatu themanini na nne,
na Kilua nikamnyima picha: abaki na vijimraba vyake,
shati na ukuta rangi moja,
ng'ombe wake hewani.
Nilichookoa kwake nikakipeleka mgongoni kwa bibi.
Herufi zikarudi, si zote:
*Mlango siku*, halafu mkunjo, halafu *pepo*.
Zilizobaki ziko sandukuni.

Sasa sahani inachomwa. Asilimia sitini na mbili.
Feni nimeizima,
umeme usipate kisingizio.