Kikombe kwa Kikombe

Chai ya kwanza niliyonywa Mingoyo
niliitema mlangoni, mbele ya wakwe.
Nilidhani mtoto kakosea kopo,
katia chumvi akidhani ni sukari.
Wakacheka. Ni kisima, wakasema,
bahari hupita chini kwa chini kukisalimia.

Mimi ni wa Newala, huko juu,
ambako maji huja kwa lori na kwa foleni,
ndoo moja inaosha uso, kisha vyombo,
kisha inamwagiwa mche wa mkorosho.
Sikujua kwamba maji nayo yana kabila.

Mwaka ule kikundi chetu kilichimba bwawa
nyuma ya mikoko, pale Lukuledi inapochoka
na kuanza kuonja chumvi.
Tukakinga vifaranga vya mwatiko kwa chandarua,
wembamba kama sindano, macho matupu,
tukawamwaga bwawani siku ileile.
Usiku wa kuamkia hapo mvua ilikuwa imelijaza.
Asubuhi Esha Nampoto alikuja mbio:
mia nne, weupe, tumbo juu.

Bwana samaki, Mchopa, kijana wa Nachingwea
asiyevua viatu hata kwenye tope,
alichuchumaa, akaokota mmoja, akamlaza kiganjani.
"Sumu hakuna," alisema. "Mmewaua kwa haraka."

Samaki wa mtoni, akatuambia, hanywi maji.
Maji yanamwingia yenyewe, bila hodi,
kwa hiyo kutwa kucha kazi yake ni kukojoa,
na chumvi kidogo aliyo nayo anaishikilia
kama mjane anavyoshikilia hati ya kiwanja.
Wa baharini kazungukwa na maji, na ana kiu.
Bahari inamfyonza. Basi anakunywa, anakunywa,
na chumvi anaitoa kwa matamvua,
chembe kwa chembe, hata akiwa usingizini.

"Na papa?" Esha aliuliza.
Papa hutunza taka ya mkojo ndani ya damu
ili bahari imwone ni mwenzake.
Mama mkwe akajipiga kofi pajani:
"Ndiyo maana ng'onda wa papa ananuka choo!"
Tukacheka, na wale weupe wakiwa miguuni petu.

Mwatiko anaweza kote kuwili.
Lakini tamvua lililozoea kusukuma nje
halijifunzi kuvuta ndani kwa usiku mmoja.

Tulianza upya: beseni la maji ya bahari
na kikombe cha bati kilichobanduka rangi.
Kila baada ya swala, kikombe kimoja cha mto.
Siku ya tatu walilala pembeni, nikasema basi.
Siku ya tano waligombania pumba.

Tangu hapo nikawa natazama wengine.
Jani la mchu, ukililamba alfajiri,
lina chumvi mgongoni: mti umetoka jasho.
Kamba jike huenda kuzaa kilindini,
na wanawe hurudi mikokoni peke yao,
njia hawakuonyeshwa na mtu.
Kambale, mafuriko yalimfikisha hadi hapa mlangoni,
akaonja, akapinda mkia, akarudi zake mtoni.
Sikumcheka.

Mwaka wa tatu nilipanda Newala,
arobaini ya shangazi.
Wakanipa chai ya wageni, maji ya lori,
ndani ya kikombe chenye maua.
Nikanywa. Ilikuwa kama maji ya kusuuzia.
"Sukari haitoshi?" dada yangu Sijaona aliuliza.
Nikamwambia inatosha.
Nikangoja ageukie jiko,
nikachovya kidole kwenye kisahani cha mihogo,
chembe tatu, labda nne,
nikakoroga kwa kidole hichohicho,
nikanywa yote.