Sekunde Tisa

Saa nane usiku, Kijitonyama. Feni nimeizima,
LUKU imebaki yuniti tatu.
Toleo jipya la kifurushi limeshuka toka ng'ambo,
nami nalioanisha na letu, tawi kwa tawi.
Mafaili mia mbili yamepita bila neno.
Moja limegoma.

Mistari miwili imekabana koo:
wao wanasema, subiri sekunde mbili.
Sisi tunasema tisa.

Tisa za nini? Mtu yuko dirishani na cheti cha dawa,
nani wa kumngojesha?
Kidole kiko juu ya kitufe cha kufuta.

Kwanza nafukua kumbukumbu.
Machi, miaka sita iliyopita, saa kumi alfajiri,
mkono wa Sikujua Mbwilo,
aliyeacha kazi kabla sijaajiriwa:
"Mvua ikinyesha, mtandao wa Mbagala hujikokota.
Ukiwahi kukata tamaa, mgonjwa hukatwa hela mara mbili.
Msipunguze."

Nje, bati la jirani limeanza kupokea matone.

Nabakiza tisa. Chini yake natia maelezo,
mafupi, kwa atakayekuja na kidole chepesi:
"Mimi sikujua.
Sikujua alijua."