Ufunguo wa Nyumba Iliyoungua

Jina lake lilijaza mstari mzima
wa daftari la mishahara, likavuka pambizo.
Huku Mufindi tukaliacha lote, tukamwita Bwana Sweta,
maana hata Novemba, jua linapochoma utosi,
hakuivua ile ya kijani, viwiko vimetoboka.

Alikuja na ng'ombe wawili wa maziwa,
kinanda kilichoingia maji njiani,
na ufunguo mrefu kama kiganja
usiofungua mlango wowote upande huu wa dunia.
Akautundika juu ya meko.

Meko hayo aliyawasha babu yangu, Galinoma,
kila jioni, miaka kumi na tisa.
Ukungu ukigusa madirisha
anapiga magoti, anapanga vijiti vya mwati,
anatoa kiberiti mfukoni.

Usiku mmoja, chupa imefika nusu, Bwana akasema:
Nyumba yetu kule Ayalandi ilikuwa na madirisha tisini.
Waliichoma.
Nani, Bwana?
Wapangaji.
Babu akapuliza majivu.
Na kabla hawajawa wapangaji, ardhi ilikuwa ya nani?
Bwana akautazama moto mpaka gogo likakatika.
Kalale, Galinoma.

Kulipokucha akapanda gari kwenda Dar es Salaam,
kwenye Baraza la Kutunga Sheria.
Tuliambiwa alisimama, akatoa mikono mifukoni,
akasema kwa niaba ya «watu wangu wa nyanda za juu»:
tupewe reli, tupewe bei nzuri ya chai,
na mimi niongezewe ekari elfu mbili.

Karani akaja na mnyororo wa kupimia.
Ukapita juu ya makaburi yetu matatu
na katikati ya ulezi wa bibi.
Bibi akauvuna ukiwa mbichi, usiku kucha,
akiutukana mnyororo kwa Kihehe, pingili kwa pingili.

Jioni ile babu aliwasha meko kama kawaida.
Ila alihesabu njiti kwanza.
Arobaini na moja.
Nilipokuwa mkubwa nikamuuliza za nini.
Akanijibu habari za mvua.

Sisemi alikuwa mtu mbaya.
Alimlipia baba ada ya shule,
alimzika mbwa wake kwa sala ndefu kuliko ya padri.
Alisahau tu jambo moja,
na lilikuwa jambo alilolijua kuliko sisi sote.

Bendera ilipobadilishwa hakuondoka.
Kifua kilimbana, akafia hospitali ya Iringa,
sweta imekunjwa chini ya mto.
Ufunguo alimwachia babu,
kwenye bahasha isiyo na barua.

Babu akajenga Nyololo, matofali ya kuchoma.
Fundi hakuwa na timazi.
Wakafunga uzi kwenye ufunguo,
wakauning'iniza kutoka juu ya ukuta,
wakangoja uache kuyumba.

Ukuta ule umenyooka. Nimeupima mwenyewe.
Kiberiti kiko shubakani,
sijawahi kuhesabu kilichomo.