Taya la Mjusi

Nilipong'oka jino la kwanza, kule Maji ya Chai,
nililirusha juu ya bati: mjusi, nipe jipya.
Akanipa. Maji yetu yakalipaka kahawia
kabla sijajua kucheka nimefunika mdomo.

Sasa nina miaka arobaini na moja na koti jeupe,
na mjusi yuleyule, au kitukuu chake:
taya lake, kipande chembamba kuliko wembe,
chini ya darubini, chumba cha nyuma, Usa River.
Umeme ukikatika, nangoja.

Nyuma ya kila jino kuna jino changa limejikunja.
Seli moja humnong'oneza jirani, neno la protini:
amka, zamu yako.
Jirani hulipokea, hulipeleka mbele,
kama tofali za msaragambo, mkono kwa mkono.
Mjusi mzee, na bado anaitwa.

Kwetu neno hilo husemwa mara mbili tu,
kisha ufizi hukaa kimya.
Kimya. Sikusema umekufa.

Jioni Eliakunda, aliyeng'olewa magego mawili Tengeru,
anamumunya mahindi niliyompukuchulia.
"Leo wamesemaje?"
Nacheka. Mkono unapanda kuelekea mdomoni,
unaishia kidevuni.