Mashua Namba Saba

Khavere, mwenye mashua za kukodisha Uhuru Park,
alinipigia, sauti yake ikikatwakatwa na nyundo za Kamukunji:
"Saba inakunywa tena."
Inakunywea wapi?
"Ningejua ningekupigia?"

Mimi ni fundi wa masanduku ya shule na sufuria za harusi.
Bahari sijaiona. Lakini bati ni bati,
na kinachoyashika maji ndani
hakijapishana sana na kinachoyazuia nje.

Tuliipindua kwenye nyasi, mimi na Musembi,
tumbo juu, kijani cha rangi iliyobakia milangoni kwa mtu.
Nikatambaa chini yake, nikamwambia azibe kingo kwa magunia,
nikalala chali gizani, nitafute nyota.
Ndivyo tunavyoisoma sufuria: tundu hujitangaza kwa mwanga.
Nikangoja macho yazoee.
Jasho. Lami ya zamani. Korongo akatua juu yangu,
akatembea, kucha zake zikihesabu ribiti moja moja.
Hapakuwa na nyota.

Chini ya benchi la mbele viraka vilipandana,
risasi juu ya lami, lami juu ya gundi:
mafundi watatu kabla yangu.
Kila mmoja aliyaona maji pale,
akaziba pale,
akalipwa.

Tukaigeuza, tukaipandisha kwenye matofali,
tukaijaza ndoo kwa ndoo mpaka nusu.
Tumbo nimelipaka majivu makavu, nimekaa kitako nalingojea lilie.
Majivu yakabaki majivu.
Tukaishusha bwawani tupu, siku mbili. Kavu.
Khavere akanitazama kama mzazi aliyekimbiza mtoto hospitali
na homa ikashuka mlangoni.

Ndipo nikauliza nililopaswa kuuliza kwenye simu:
Huwa inakunywa lini?
"Jumapili."
Na siku nyingine?
"Siku nyingine wateja wako wapi?"

Basi Jumatano ile tukaiundia Jumapili yake.
Njogu mpiga picha, mwenye mwili unaolitosha jina lake, akakaa nyuma.
Kemunto katikati, na beseni la njugu mapajani, hakutaka kuliacha ukingoni.
Musembi kwenye makasia.
Mimi nimepiga magoti mbele, tochi mdomoni,
nimenyunyiza unga sakafuni
kama mtu anayetaka kusukuma chapati.

Mashua ikashuka vidole vinne. Ikatulia.
Maji yakaja,
lakini hayakuja mbele.
Yalianzia nyuma, juu, mahali asipotafuta mtu maji,
uzi mmoja tu,
ukashika ubavu wa chuma, ukateremka,
ukaingia chini ya ubao, ukafuata mshono
ukiulowesha unga njia nzima,
nami naufuata kwa mwanga
kama karani anayefuata mstari kwa kidole,
mpaka miguuni pangu, chini ya benchi, penye viraka vyote vile,
ukajikusanya hapo kidimbwi, kimya,
kana kwamba ndiko kwao.

Nje, pale uzi ulipotokea,
kulikuwa na kibao cha alumini: 7.
Bolti nne. Moja haikuwa na washa.
Ikiwa tupu, mashua hukinyanyua kibao hewani.
Ikibeba watu, hukizamisha.

"Nilikitoboa mwenyewe," Khavere alisema.
"Waliniambia isiyo na namba haitaelea hapa."
Akacheka, kisha akaacha kucheka.

Nikakata kipande cha kandambili ya Musembi, ya kushoto,
nikakitoboa, nikakaza.
Dakika tano, pengine sita.
Njugu zilizolowa nilizinunua mimi.

Picha ya Njogu ninayo kibandani, nililipia:
watu watatu wanatazama kamera,
na mgongo wa wa nne, unga hadi viwikoni.

Siku hizi mtu akiniletea sufuria inayovuja,
kabla sijaiinua kwenye jua,
namuuliza kwanza:
huwa unaipikia watu wangapi?