Kadhaa

Saa kumi na moja na nusu, alfajiri,
ghorofani juu ya duka la vipuri, Arua,
harufu ya mipira mipya inapanda ngazi pamoja nami.
Nina karatasi moja, mistari tisa, chai ya tangawizi.
Serikali ya jirani imeanguka usiku.
Au haijaanguka.
Inategemea nani kapiga simu.

Mpaka uko mwendo wa saa mbili kwa pikipiki.
Juzi watu wa Oraba walisikia mizinga,
kuku wakatoka bandani kabla ya wakati,
madereva wa vitunguu wakageuza malori
bila kumuuliza mtu.
Lakini sisi hatusomi habari za kuku.
Tunasubiri habari ivuke bahari,
ikavalishwe koti huko Ulaya,
irudi Kampala, itushukie kwa barua pepe
imeshapoa, na majina ya vijiji yamekosewa.

Mhariri wetu, Onzima, ana kalamu ya kijani.
Niliandika "mapinduzi";
akaweka "hali ya sintofahamu".
Niliandika "askari wamewafyatulia waandamanaji risasi";
akaweka "milio ya risasi imesikika",
kana kwamba risasi ni ndege wa asubuhi.
Mwishoni nilikuwa nimechomeka methali,
ile ya mwenzako kunyolewa.
Hiyo aliitazama kuliko yote.
"Hii," akasema, "haimsemi jirani."
Akaikata mara mbili.

Sikumlaumu.
Leseni yetu imetundikwa ukutani
na ina tarehe ya mwisho.
Siku ile vijana wa hapa hapa walipojaa barabarani,
moshi ukapenya hadi studio,
macho yakatuwasha,
nasi tulipiga rumba kutwa nzima.
Rumba tamu, nakumbuka.

Basi nikasoma.
"Watu kadhaa wameripotiwa kufariki."
Kisha bei ya mahindi.
Kisha matangazo ya vifo, ya kulipia,
shilingi elfu tano kwa jina:
mzee fulani, ukoo wake, wajukuu wake,
ugonjwa uliomchukua, saa ya mazishi,
na njia ya kugeukia ukifika kwenye kinu.
Marehemu wa kulipiwa hawawi kadhaa.

Nilipotoka nilimkuta Keji ngazini,
anayeuza bamia mbele ya duka,
aliyevuka mpaka miaka sita iliyopita
na sufuria moja na redio.
Mkononi ana daftari la shule la mwanawe.
"Mtangazaji, kadhaa ni wangapi?"
Nikasema, kadhaa ni... zaidi ya wawili.
Akafungua daftari.
Kaka yake alimtajia usiku, mmoja mmoja,
mpaka mtandao ukakatika katikati ya jina.
Kumi na saba, na nusu ya mtu.

Hakulia. Aliuliza bei.
Nikamwambia.
Akafungua fundo la kanga, akahesabu noti zenye unyevu,
akahesabu tena, kana kwamba zingeona haya zikaongezeka.
Elfu kumi na tano.
Akaketi ngazini, daftari magotini,
kuchagua.

Watu walipanda na kushuka wakimruka.
Fundi wa duka alimletea kiti, akakikataa.
Karibu saa nne akanipa ukurasa
wenye alama tatu za penseli,
na kidole chake bado kiko juu ya jina la nne.

Matangazo ya vifo hayapiti kwenye kalamu ya kijani.
Ni biashara, yana risiti.
Saa saba mchana, baada ya mahindi, nikasoma:
Gore, fundi wa baiskeli.
Kiden, na mimba yake ya miezi minane.
Pitia, mwalimu wa darasa la nne, aliyerudi kufunga mlango.

Watatu. Risiti ikaishia hapo.
Ng'ambo ya kioo, Onzima alinyanyua kichwa.
Nikavuta pumzi.
Nikamsoma wa nne.

Onzima akavua miwani,
akaanza kuifuta kwa ncha ya shati,
polepole,
kama mtu asiye na haraka ya kuona.